Makuti Kumi ya Bi Kazija

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu wanaoumwa meno. Basi, iwe hivyo hivyo, hata mimi nimechoka. Sogeeni, sitapaza sauti.

Hapo zamani za kale, bibi wa bibi yangu hajazaliwa, palikuwa na kijiji chenye nyumba arobaini na chuo kimoja cha watoto. Paa la chuo lilikula makuti mia nne. Kila mwaka, kabla ya masika, liliezekwa upya, na kila nyumba ilileta makuti kumi. Una mtoto, kumi. Huna mtoto, kumi. Ndiyo iliyokuwa kodi yao, na kodi, wajukuu zangu, haijawahi kumchekesha mtu.

Desturi nyingine ilikuwa hii: mzee asiye na mtoto, nyumba yake ikivuja, kijiji kizima kilimwezekea. Kumi kumi vilevile. Kumwacha mzee alowe ilikuwa aibu ya kumhamisha mtu kijijini.

Mzee wa namna hiyo alikuwapo, Bi Kazija. Mkavu wa mwili, mkavu wa maneno. Kila mwaka alikaa barazani akasuka makuti yake, chwa, chwa, chwa, akayabeba kichwani, akayatua mlangoni kwa mwalimu, pu! Akarudi kwake bila kungoja ahsante.

Mwaka mmoja akasimama Shaweji, mwenye minazi mingi na wana waliokwisha kusoma.

"Wangu wamemaliza," akasema. "Sasa naezekea watoto wa nani? Mwenye mtoto ndiye alete."

Bi Kazija akamuuliza, "Shaweji, uliposoma wewe, baba yako alileta makuti mangapi?"

"Kumi."

"Na yale mia tatu na tisini, yaliota?"

Watu wakacheka. Wakacheka, kisha wakamfuata Shaweji. Neno la kupunguza mzigo halikosi wa kuliitikia. Bi Kazija alipoleta yake kumi, Shaweji akamrudishia.

"Huna mtoto, bibi. Tumekuhurumia."

"Sikuomba," akasema, akayabeba tena.

Nyumba zenye watoto chuoni zilikuwa ishirini. Zikaleta makuti ishirini kila moja. Chwa, chwa, chwa, vidole vikachubuka. Mwaka wa pili nyumba kumi zikawatoa watoto wao, zilizobaki zikaleta arobaini. Chwa, chwa, chwa. Mwaka wa tatu zikajitoa tano, zilizobaki themanini. Mwaka wa nne akabaki mtoto mmoja tu, Tabu, binti wa mjane Mwanamvua. Na paa lilelile. Mia nne.

Shaweji akasimama tena. "Jamani, makuti mia nne kwa mtoto mmoja? Huu ni ufujaji. Chuo kifungwe, mwalimu ashike njia."

"Walipokuwa ishirini," akasema Bi Kazija, "kila mmoja alifunikwa na makuti ishirini. Paa halikuongezeka hata kuti moja. Mmewatoa wenzake, sasa mnamwona huyu ndiye mlafi."

Watu wakatawanyika. Wingu la masika lilikuwa limeshasimama.

Mwanamvua akamfuata Bi Kazija barazani, vidole vimefungwa matambara. "Bibi, mimi namtoa. Nimesuka hamsini, sina vidole tena."

"Mtoto amefika wapi?"

"Ameanza kusoma barua."

"Usimtoe. Lete ngazi."

Nyumba ya Bi Kazija ilikuwa imeezekwa mwaka uliopita, paa bado zima. Akapanda, bibi kizee yule, akakata kamba. Kwaru, kwaru, kwaru, akajiezua mwenyewe. Makuti mia tatu na hamsini yakaenda chuoni, juu yake hamsini ya Mwanamvua. Mwalimu akaezeka. Mvua ikashuka.

Bi Kazija akaingia ndani mwake, akakalia mbuzi yake ya kukunia nazi, mvua inamnyeshea utosini. Watu wakakusanyika. Mbele yao, Shaweji.

"Bi Kazija, umefanya nini?"

"Navuja."

"Si umejiezua mwenyewe?"

"Desturi haiulizi nani kaezua. Inauliza, mzee ana mtoto? Sina. Nyumba inavuja? Tazama."

Shaweji akatazama watu, watu wakatazama matope. Wakaenda kusuka. Kila nyumba kumi. Shaweji akaleta yake kumi, amenuna.

"Kwa hiyo hapa tumeezeka chuo," akasema.

"Umechelewa kuhesabu. Miaka yote mmeniezekea mimi nisiye na mtoto. Ulidhani nami naezekea watoto wa nani?"

Mvua ile ilimwachia kikohozi, na kikohozi hakikumwacha. Alizikwa kabla ya masika ya pili. Msimu ulipofika, watu wakapeleka makuti chuoni, kumi kumi. Si kwa wema, walichoka kugombana. Watoto wakarudi, lakini si wote. Wengine walikuwa wameshakuwa wakubwa na wamesahau, wakabaki hivyo hivyo.

Makuti yakahesabiwa, yakapungua kumi. Nyumba ya Bi Kazija ilikuwa tupu.

Shaweji akarudi barazani kwake. Chwa, chwa, chwa. Akayabeba kichwani, akayatua mlangoni kwa mwalimu, pu! Akarudi kwake bila kungoja ahsante.

Mzigo ukiukwepa wewe, haudondoki chini. Unakaa kwenye shingo ya jirani. Hadithi yangu nimeitua hapo mlangoni. Atakayeweza aibebe, mimi naenda kulala.