Papai Lisilokuwa na Jina

Mwenye kigoda akalie kigoda, mwenye mkeka anyooshe miguu, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, asije kesho akadai kwamba hakusikia. Hadithi ninayo, ila mwisho wake sinao. Mwisho mnao nyinyi.

Palikuwa na kijiji kwenye mteremko wa milima ya Uluguru. Jina lake nalificha, maana watu wake bado hawajapatana. Katika kijiji hicho waliishi watu wanne, na kila mmoja alikuwa na karama yake. Semeni alijaliwa mkono wa kumwagilia. Mti wa Semeni haukufa kwa kiu hata kijito kikibaki matope. Mloka alijaliwa ubishi. Msicheke, ubishi nao ni karama, ngojeni mtaona. Tunu, mkunga, alijaliwa vidole vyepesi na jicho la kuona kilichokosekana. Na Kibena alijaliwa kutotupa kitu. Nyumbani kwake hata mpini wa jembe lililokwisha kuliwa na kutu ulikuwa na mahali pake.

Semeni alikuwa mjane, na hakujaliwa mtoto. Kwa Waluguru ukoo na ardhi hupita kwa mama, na mwanamke asiye na binti huona nyumba yake ikifungwa naye akiwa bado yumo ndani. Jambo hilo lilimuuma sana, ingawa hakumwambia mtu. Alichokuwa nacho ni mpapai jike mmoja mlangoni, alioupanda kwa mbegu ya mama yake. Mapapai yake yalikuwa matamu hata wagonjwa waliokataa uji waliyaomba.

Sasa jueni desturi moja ya pale. Tunda au zao jipya likitokea, mwenye nalo hulikata mbele ya watu na kulitamkia jina lake mwenyewe, na jina hilo hubaki. Kulikuwa na ndizi ya Mwanne na muhogo wa Chanzi. Mwanne na Chanzi walikwisha kufa zamani, lakini kila siku wanaitwa majikoni. Semeni alipokuwa akimenya muhogo wa Chanzi alimwonea wivu marehemu.

Kisa chenyewe kilianza kwa kosa. Mpapai, kama mjuavyo, uko wa kike na uko wa kiume. Dume hutoa maua mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, yenye harufu nzuri, kisha basi, hauzai. Mwaka mmoja mbolea ilipokuwa shida, watu wa kijiji wakakaa wakakubaliana kwamba mipapai dume ni walaji wa bure, wanakula udongo wa wenzao na kuvimba majani. Mapanga yakatoka. Semeni naye akaukata wake uliokuwa uani, akautumia kuzibia ua wa kuku.

Mloka peke yake alikataa. Alikuwa na mpapai dume nyuma ya nyumba yake, ng'ambo ya kilima, na alipenda kukaa chini yake jioni na kuinusa harufu. Wazee wakamfuata, wakamweleza habari za mbolea, wakamweleza na habari za umoja. Mloka akawasikiliza mpaka mwisho.

"Hata mimi sijawahi kuzaa," akawaambia. "Mbona mimi hamjanikata?"

Wakarudi wakicheka, wakasema yule amezeeka vibaya. Mti ukabaki.

Msimu uliofuata mipapai jike ikachanua vizuri, na maua yakapukutika yote. Mengine yakavimba kidogo, yakawa vipapai vitupu visivyo na mbegu, navyo vikaanguka. Watu wakalaumu jua, wakalaumu jirani mwenye kijicho. Halafu ukapanda ugonjwa kutoka bondeni. Majani yakawa ya njano, yakajikunja, na mipapai ikaanza kufa shamba kwa shamba. Semeni akaamka kila siku na ndoo kichwani kwenda kijitoni, akarudi akaumwagilia mpapai wake, akaifunika mizizi kwa majani makavu. Mti wake ukawa wa mwisho kusimama upande ule wa kilima, lakini ulisimama mikono mitupu.

Tunu mkunga alipita siku moja kumjulia hali, akamkuta Semeni anaokota maua yaliyoanguka. Semeni akamwambia mti umekuwa tasa kama mwenyewe. Tunu hakulipenda neno hilo.

"Da Semeni," akasema, "mwanamke asipopata mtoto watu humtazama yeye tu. Mimi kwanza huuliza, mume yuko wapi?"

Semeni akautazama ua wa kuku aliouzibia kwa mpapai dume.

Alfajiri iliyofuata Tunu akavuka kilima mpaka kwa Mloka, akaomba maua. Mloka akabishana kidogo, kwa mazoea tu, kisha akampa. Majani ya mpapai ule yalikuwa mabichi kabisa. Ugonjwa ulikuwa umefika, ukaupita. Tunu akayafunga maua kwenye jani la mgomba, akarudi mbio kabla jua halijayachoma, akapanda kwenye kinu cha Semeni kilichogeuzwa, akapaka unga wa njano wa maua yale katikati ya kila ua jike lililokuwa wazi. Waliosoma huuita unga huo chavua. Alipaka kama anavyomfuta mtoto mchanga uso. Maua mengi yalianguka hata hivyo. Moja likashika, likawa papai, likakua likaiva.

Na lilipoiva, mpapai wa Semeni ukageuka njano. Maji hayakusaidia. Ukafa mlangoni, na Semeni akaulilia kama mtu.

Likabaki lile papai. Kwa desturi watu huchagua mbegu chache zilizonona, za katikati ya tunda, na nyingine huwatupia kuku. Semeni angefanya hivyohivyo, ila alikuwa bado akiulilia mti, akampa Kibena kazi ile. Nanyi mnamkumbuka Kibena. Aliziosha zote, akazitoa utando, akazianika, hata zile nyembamba, hata zile zilizobanwa kwenye kikonyo, akazisia zote kitaluni. Watu wakamuuliza atapeleka wapi miche yote hiyo, na mbegu za mama mmoja si ni zilezile? Kibena akajibu kwamba watoto wa mama yake walikuwa saba, na ni yeye peke yake aliyekuwa na akili. Ndugu zake wana maoni mengine.

Lakini alisema kweli, na hapa nisikilizeni vizuri. Fikirini kila mpapai una sanduku, na ndani yake mna doti tisa za khanga. Katika kila doti upande mmoja ulitoka kwa mama yake na upande mmoja kwa baba yake. Ukifika wakati wa kutengeneza yai la mbegu au chembe ya chavua, mti hautoi sanduku zima. Ungelitoa zima, na mwenzake akatoa zima, mtoto angekuwa na doti kumi na nane, mjukuu thelathini na sita, na sanduku lingepasuka. Kwa hiyo kila mzazi hutoa nusu, upande mmoja tu kutoka kila doti. Na kabla ya kuzitenganisha, pande mbili hulazwa pamoja, zikabadilishana vipande, huyu akachukua pindo la yule, yule akachukua ua la huyu. Ndipo zinagawanywa, na mgawaji hachagui. Yai hili litapata upande ule, yai lile upande huu. Nusu ya mama ikikutana na nusu ya baba, doti zinakamilika tena, tisa kama zamani, lakini doti zenyewe hazijapata kuonekana duniani. Ndiyo maana hakuna mbegu mbili za papai lile zilizokuwa sawa, wala nyinyi hamfanani na ndugu zenu.

Miche ikaota, ikafika kimo cha goti, na ugonjwa ukaingia kitaluni. Mmoja ukageuka njano, halafu kumi, halafu kitalu kizima. Kibena aliing'oa akiihesabu kwa majina aliyoyabuni, maana hata mche mfu ulimwia vigumu kuutupa. Ulibaki mmoja mbichi. Nao ulikuwa kwenye mstari wa mbegu zile nyembamba za kikonyoni, ambazo kuku walizikosa kwa bahati ya tabia ya mtu.

Wakauhamishia mlangoni kwa Semeni, pale ulipofia mama yake, naye akarudi kwenye ndoo na kijito. Wote wanne wakawa wanapita kuutazama kama wakwe. Ungekuwa dume wasingepata kitu cha kula. Ulipochanua, maua yalikaa karibu na shina, mafupi na manene. Jike. Tunu akavuka kilima tena, Mloka akabishana tena, na mapapai yakashika.

Tunda la kwanza walilionja ndege, na ndege hawana haja ya baraza. Semeni akaokota kilichobaki, akaonja. Ulikuwa utamu uleule wa mpapai wa mama yake, kwenye mti ambao majani yake hayakujua njano. Akafunga mdomo kwa upande wa khanga, akalia kwa furaha peke yake.

Tunda la pili lilipoiva, watu wakaitwa uani kwa Semeni kulikatia jina. Papai likawekwa kwenye sinia, kisu kando yake. Semeni akanyoosha mkono. Mikono mingine mitatu ikanyooka pamoja na wake.

Semeni alisema maneno machache. Mtoto ni wa ukoo wa mama, akasema, na hilo hakulitunga yeye. Mti uliozaa ulikuwa wake, maji yalikuwa ya kichwa chake, na utamu ule ulitoka kwa mama yake. Akasita, kisha akalisema lile ambalo hakuwahi kulisema: kwamba hana mwingine wa kulibeba jina lake.

Mloka hakupinga habari ya ukoo. "Mtoto ni wa ukoo wa mama, kweli," akasema. "Lakini kwetu jina mtoto hulipata upande wa baba, na leo tumeitiwa jina." Akawakumbusha kwamba utamu haukuuokoa mpapai mama. Kilichomweka hai mtoto ni ugumu wa mti ambao kijiji kizima kiliujia na mapanga.

Tunu akauliza ni watoto wangapi pale kijijini wanaoitwa Tunu kwa sababu walizaliwa kwa taabu mikononi mwake. Watatu wakajibu, mmoja wao mvulana, na watu wakacheka. Tunu hakucheka. Mti wa Semeni uliangusha maua upande huu, akasema, na mti wa Mloka ulimwaga chavua upande ule, na kati yao palikuwa na kilima. Nusu mbili zisizokutana si mtoto.

Kibena aliongea mwisho, akitazama chini. Kuzaa si kazi, akasema, kazi ni kulea. Papai lilikuwa na mamia ya mbegu, na hakuna aliyejua ni ipi iliyopata utamu wa huku na ugumu wa kule kwa pamoja. Semeni hakujua, Mloka hakujua, Tunu hakujua. Wangewapa kuku. Yeye naye hakujua, ila hakutupa.

Mtu mmoja akapendekeza majina manne yaunganishwe. Wakamzomea, kwa sababu hakuna mama atakayemtuma mtoto sokoni kununua Semeni-Mloka-Tunu-Kibena. Mwenyekiti wa kijiji alipoombwa kuamua akakohoa, akasema yeye alichaguliwa kwa ajili ya barabara.

Hapo Tunu akamwinamia Semeni, akamwambia jambo ambalo wote walikuwa wamelisahau. Mbegu zilizomo ndani ya papai lile nazo zimegawanywa upya. Nyingine zitakuwa tamu zife, nyingine zitakuwa ngumu na chachu, chache zitapata vyote. Atakayelitamkia jina lake ndiye atakayezichukua mbegu, azisie zote, azilee, aziozeshe tena kwa mti wa ng'ambo, mwaka baada ya mwaka, la sivyo jina litapotea pamoja na tunda.

Semeni alikuwa analitaka jina lile kuliko kitu chochote. Lakini kama mti wake ungelikuwa umetoa kila kitu chake, bila kupokea nusu ya mgeni, mtoto angekufa palepale alipofia mama. Alikichukua kisu, kwa kuwa kilikuwa kisu chake na papai lilikuwa limeanza kulainika, na papai halisubiri baraza. Mloka, Tunu na Kibena wakamtazama usoni, na Semeni akafungua mdomo atamke jina.

Mimi nilikuwa nyuma, mbele yangu palikuwa na mtu mrefu, na alichosema sikukisikia. Tangu siku hiyo kila ninayemuuliza hunipa jina analolitaka yeye.

Basi kisu nawapa nyinyi. Yuko aliyezaa, yuko aliyetoa nusu ya pili, yuko aliyezikutanisha, yuko aliyelea bila kutupa. Papai liko kwenye sinia na linaiva. Je, wewe ungelikata kwa jina la nani?