Fisi Aliyetaka Picha Itangulie Vyote

Paukwa!

"Pakawa!"

Mnaitikia kama mmemeza mawe. Paukwa!

"PAKAWA!"

Haya, sogeeni. Na asiangalie mtu nyuma.

Hapo kale, ila si kale sana, Fisi alikuwa na duka la picha, na ndani yake kompyuta ya uchawi. Ukimfuta mtu kwenye picha, na porini hayupo. Fisi alitaka kisima kiwe chake peke yake. Akamfuta Kanga, fyu! Kanga hayupo. Akamfuta Digidigi, fyu! Digidigi hayupo. Nyayo zao ziliishia katikati ya njia.

Adhuhuri moja akamwita Nguchiro, fundi mdogo kama ngumi. Nguchiro akatazama kwenye kioo cha kompyuta, akaona uso wa Mashavu, binti yake wa pekee.

"Mashine inajikokota," Fisi akafoka. "Huyu nataka awe ameondoka kabla sijala."

"Ni mwanangu, mzee."

"Basi iharakishe."

Nguchiro akasogea kwenye kompyuta. Akasema, "Mzee, mashine ina akili moja na kazi nyingi. Saa inangoja zamu, muziki unangoja zamu, picha inangoja zamu. Niipe picha kipaumbele? Kidogo tu yatosha."

"Mimi na kidogo wapi na wapi? Juu ya vyote!"

"Juu ya vyote," Nguchiro akaitikia, akabonyeza. "Ijaribu kwanza kwenye picha yako. Hilo tumbo, mzee, linakuaibisha."

Fisi akafungua picha yake, akaamuru tumbo lipungue. Vuuuum! Saa ikasimama. Muziki ukakatika. Tumbo likapungua, akacheka. Tumbo likaisha, akaacha kucheka.

Akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Ta! Kiuno kikaisha. Ta! Ta! Kifua kikaisha.

"Fundi! Haisikii!"

"Itasikia, mzee. Kitufe nacho kiko kwenye foleni. Picha kwanza, umesema mwenyewe."

Yakabaki macho, yakimtazama Nguchiro. Kisha hayakuwepo.

Nguchiro akachomoa waya, akakimbia nyumbani. Mashavu alikuwa anatwanga mahindi. Akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika, "Baba, unaniumiza!" Kanga na Digidigi hawakurudi. Na duka lile, waya umechomolewa, hakuna mtu, lakini ukipita unasikia: ta... ta... ta.

Basi wanangu, funzo ni hili: mkubwa akitaka kutangulia, msimbishie. Mpisheni kwa adabu.

Ngano yangu naitua hapo. Ikiwa tamu, meza. Ikiwa chungu, temea nje. Na wewe huko nyuma, acha kugongagonga!

"Si sisi, bibi."