Mkono wa Jumbe Komba

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Ewaa! Sasa mmeamka.

Hapo kale, kale na kale, katika nchi ya wanyama, urefu ulipimwa kwa mkono wa jumbe. Jumbe akifa, kipimo nacho huzikwa. Jumbe mpya, mkono mpya! Upuuzi ulioje? Lakini ndiyo ilikuwa desturi yao, na wakajivunia.

Jumbe Sokwe, mwenye mikono mirefu, alichimbisha kisima. Kina chake mikono saba. Sokwe akafa, akatawazwa Komba, kijinyama cha kukaa kiganjani, macho makubwa, akili haba. Komba wengine hulewa tembo la mnazi. Huyu alilewa cheo.

Siku moja mvua ikanyesha, mtoto wa Mama Ngiri akateleza, akatumbukia kisimani.

"Mama, maji yako magotini!"

Mama Ngiri mbio kwa Jumbe. "Jumbe, mwanangu anakufa! Nipe kamba!"

"Kisima ni mikono saba," akasema Komba. Akanyoosha kijimkono chake, akapima bunda la kamba, akapima, akapima. "Kateni hapo!"

Wote mbio hadi kisimani, na bunda lao, kamba ikashushwa. Haikufika hata nusu.

"Ni fupi, Jumbe!"

"Saba ni saba! Shida ni wepesi. Sokoteni nyingine, iwe nzito."

"Umenena, Jumbe!" wakaitikia wazee wa baraza. Vibaraka wale, aibu hawana.

Wakasokota kamba nene kama paja. Urefu ni uleule. Ikashushwa, haikufika.

"Mama, maji yako tumboni!"

"Basi hamkungoja vya kutosha," akasema Komba. "Ishikilieni hapo hapo."

"Umenena, Jumbe!"

Wakaishikilia, wakangoja. Jamani, tangu lini kamba ikarefuka kwa kungojwa?

"Mama, shingoni!"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama Ngiri akalivamia bunda la kamba lililobaki.

"Weka chini!" Komba akapiga kelele. "Kamba isiyopimwa kwa mkono wangu ni haramu!"

"Niondokee hapa! Mwanangu amepungukiwa urefu, wewe unampa uzito. Amepungukiwa urefu, unampa muda. Una kichwa wewe, au umebeba macho tu?"

Akalitupa bunda zima kisimani, ncha moja ameing'ata kwa meno. Mtoto akajifunga kiunoni. Mama akavuta, akarudi kinyumenyume matopeni, akavuta tena, hata mtoto akatoka, anatetemeka, mzima.

Ndipo Mama Ngiri akamgeukia Komba, akamtazama juu mpaka chini. Wala hapakuwa mbali.

"Mkono wako, Jumbe, haufai hata kunikuna mgongo."

Wanyama wakaangua kicheko. Na waliocheka wa kwanza, mnawajua? Wazee wa baraza! Komba akakimbilia mtini, akalia kama mtoto mchanga, na mpaka leo usiku utamsikia analia.

Wanyama wakachonga fimbo moja ya mpingo. Wakasema, huu ndio mkono wa mkubwa na wa mdogo, afe jumbe, aje jumbe.

Basi shikeni hili: kipimo ni cha wote, si cha mwenye kiti. Na ukiniambia "saba", niambie saba ya nini, la sivyo unapiga kelele tu.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Iliyowafaa chukueni, isiyowafaa niachieni mwenyewe.