Kamera ya Mkude

Sogeeni karibu, na mwenye karanga atafune taratibu, maana nikimaliza nitawauliza, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Pale Morogoro kuna watu watatu. Bi Semeni, muuza maandazi, kipaji chake ni kukaa: akianza jambo haondoki mpaka liishe. Zamda, mhariri wa filamu, anajua kukata kisichofaa bila kumwonea mtu haya. Na Chambuso, anayetafsiri filamu kwenye kibanda cha video, ana mdomo huyo, jamani! Filamu ya Kichina anaitafsiri bila kujua neno moja la Kichina, na kesho yake watu wanarudi.

Sasa, kijana mmoja, Mkude, alitengeneza filamu ya mama anayemngoja mwanawe stesheni. Miaka minne! Siku ya uzinduzi, ukumbi wa viti mia tatu, wakaja watu kumi na tisa. Filamu ilikuwa ya saa tatu. Saa ya kwanza haijaisha, kumi na wanane wameshatoka, wengine wakipiga miayo waziwazi. Mkude aliona aibu mpaka masikio yakamuwasha. Akasema, "Naifuta leo hii. Narudi Mgeta kulima kabichi."

Aliyebaki ni Bi Semeni. Maandazi yake yanapoa nje, yeye analia kwenye pindo la kanga. "Thubutu uifute!" akamwambia. "Mimi sijaondoka. Huyo mama namjua, mwanangu. Humo kuna kitu."

Mkude akashusha pumzi. "Haya, mama. Naapa, atakayeiinua filamu hii, kamera yangu ni yake. Filamu ijayo aongoze yeye, mimi nitambebea nyaya."

Zamda alipopata habari, aliacha video zake za harusi akajifungia wiki tatu. Akakata treni, akakata milima, akakata hata wimbo alioimba Mkude mwenyewe.

"Unanichinja!" Mkude akapiga kelele.

"Tulia wewe, nakupunguza kitambi."

Ikabaki saa moja na nusu, na kila dakika mama yule yumo.

Lakini ukumbi ukakataa kuionyesha tena. Nani anataka filamu iliyokwisha kuanguka? Chambuso akaichukua kibandani kwake. Wateja, waliozoea mateke na risasi, wakaguna. Akawatania, akawachekesha, akawavuta mpaka wakampenda yule mama. Ilipofika sehemu ya mwisho, Chambuso, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, akaweka maiki chini. Kibanda kizima kikamsikia mama anavyohema. Watu wakatoka macho mekundu, kesho yake wakaja na jamaa zao. Wiki ya pili walijaa mpaka barabarani, na ukumbi wenyewe ukampigia Mkude simu.

Jumamosi iliyopita viti mia tatu vilijaa. Mkude akapanda jukwaani na kamera mkononi, aibu hana tena. "Nilianguka," akasema, "na kazi hii bado naipenda. Leo natimiza kiapo."

Zamda akasema, "Bila mimi mngelala wote humu."

Chambuso akadakia, "Bila mimi angeiona nani?"

Bi Semeni akasimama, mikono bado ina unga. "Bila mimi ingeshafutwa. Na msidhani kamera hiyo nitaiweka kabatini. Nina hadithi yangu, miaka thelathini nazunguka nayo na beseni la maandazi."

Mkude akawatazama mmoja mmoja. Mpaka sasa kamera ameishika yeye.

Haya, wenye karanga. Msiniambie waigawane, kamera ni moja. Wewe ungemkabidhi nani?