Aliyebaki Uwanjani

Wahenga waliotuambia kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake hawakuwa na ugomvi na vitanda. Walikuwa wakitutazama sisi, tunaochungulia ya jirani na kuyamezea mate, ilhali usiku wa jirani hatujaulala hata mara moja. Binti mmoja wa fundi cherehani alilijua hilo mapema, magoti yake yakiwa bado na vumbi la mchezo.

Wenzake walimwita Kifungo, kwa sababu ya kazi ya mama yake na pia kwa ule ufupi wake. Kila jioni, kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba zao, palikuwa hapatoshi. Walicheza mchezo wa kopo: mmoja hulinda kopo na kuwasaka waliojificha, na anayefanikiwa kulipiga teke bila kuguswa huwakomboa mateka wote. Mchezo ulinoga zaidi giza lilipoanza kuingia, pale ambapo hata ndoo iliyoinamishwa ilionekana kama mtu aliyechutama. Na saa hiyo hiyo ndiyo mama yake alipomhitaji.

"Kifungo! Ee Kifungo! Njoo unitungie uzi!"

Macho ya mama yalimsaliti kila jua lilipozama. Tundu la sindano hakuliona tena, na nguo za watu zilikuwa zinasubiri. Kifungo alikwenda, lakini moyo aliuacha uwanjani. Akiwa ndani, ncha ya uzi mdomoni, alisikia wenzake wakishangilia ukombozi ambao hakuuona, akatamani kulia.

Aliyemwonea wivu kupita wote ni Popo, binti wa mlinzi wa ghala. Mama yake Popo alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na baba huenda kazini jioni akarudi alfajiri. Kwa hiyo hakuna aliyemwita.

"Wewe umezaliwa na nyota yako," Kifungo alimwambia siku moja. "Huna wa kukukatiza raha."

Popo alicheka tu, akarusha kopo juu na kulidaka.

Jioni moja Kifungo akala yamini: leo haendi. Alijibanza na Popo nyuma ya rundo la matofali. Mama akaita. Kifungo akatia masikio pamba. Mama akaita tena, na safari hii sauti ilipanda. Kifungo alijikunyata, asiitike.

Basi akaungoja utamu. Badala yake ikasikika sauti nyingine ikimwita mwingine, kisha nyingine tena. Mtoto wa kinyozi akaenda. Mapacha wakaenda wakisukumana. Hata mlinda kopo akaitwa, akaliacha kopo lake bila mwenyewe. Wale wawili walipotoka mafichoni, uwanja ulikuwa mtupu.

"Sasa tunacheza nini?" Kifungo aliuliza.

"Hatuchezi. Saa hizi mimi hukaa hapa tu, nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Wanavyoita." Popo akaanza kuwaigiza mmoja mmoja. "Mama yao mapacha hukohoa kwanza. Mke wa kinyozi huita kama anafukuza kuku. Mama yako anaanza chini, halafu anapandisha."

Kifungo alicheka mpaka akashika mbavu. Swali likamponyoka kabla hajalifikiri. "Na wako je, alikuwa anaitaje?"

Popo aliliokota kopo, akalifuta vumbi kwa upindo wa gauni lake. "Siikumbuki sauti yake. Nimejaribu."

Giza alilolitamani siku zote sasa lilikuwa limefika, na halikuwa na mchezo wowote ndani yake. Taa ziliwaka madirishani, vijiko vikagonga sahani, na yeye, ambaye kwao palikuwa pale pale, akashikwa na hamu kubwa ya kwenda kwao.

Ndipo mama alipotokea, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akitembea kwa kupapasa ukuta. Alimshukia binti yake kama mvua ya mawe. Anataka mama yake afe kwa presha? Anajua amemtafuta wapi na wapi, na macho haya? Kifungo alianza kulia. Popo alisimama kando akitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye njaa anayetazama wenzake wakila. Hata kufokewa alikutamani.

Mama akamgeukia. "Na wewe Popo, ninaita mpaka koo linakauka, hukusikia?"

"Nilisikia, mama. Nasikia kila siku." Popo aliinamisha kichwa. "Sikujua kama na mimi naitwa."

Mama akanyoosha mkono gizani, akalipata bega la Popo, akamvuta kwake. Wakaelekea nyumbani, Kifungo akiwafuata nyuma huku akijifuta machozi, na tangu jioni ile hakumwambia tena Popo kwamba ana nyota. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.