Maneno Matatu ya Bi Mize

Palikuwa na Sultani mmoja katika mji wa Mwambale, jina lake Shekuwe, aliyetaka kupigana vita na papo hapo apendwe kwa kuvipigana. Kupigana kulikuwa rahisi. Kupendwa ndiko kulikomsumbua, maana masultani wa Mwambale walichaguliwa na watu, na mkataba wa mji ulisema hakuna vita mpaka wengi wanyoshe mikono uwanjani.

Alichokitaka hasa ni mashamba ya chumvi ya jirani zake, Wapazani. Lakini utamwambiaje mtu akafie chumvi ya mwenzake? Basi akamwita Kombo, mpiga mbiu wake, akamwambia, "Nitengenezee hasira."

Kombo akaitengeneza. Jumatatu alipita na baragumu akitangaza kwamba Wapazani ni waoga, wakiona mbuzi mwenye pembe wanapanda juu ya paa. Jumanne akatangaza kwamba Wapazani ni majitu na wako njiani kuja kutumeza. Jumatano akasema wanakula watu. Alhamisi asubuhi alikuwa amechoka kidogo, akasema tu kwamba hawaogi. Na kila siku alimalizia kwamba hakuna anayewachukia Wapazani kumzidi Sultani.

Watu wakaanza kukunja ngumi. Vijana wakaandikwa majina, na miongoni mwao wamo wana wawili wa Bi Mize.

Huyu Bi Mize alikuwa mjane, kazi yake kukandika nyumba za watu kwa udongo. Alipopata habari za wanawe, hakulia. Alichota tonge la udongo, akalibamiza ukutani, akawauliza wenzake, "Kama wanakimbia mbuzi, tunawaogopea nini? Na kama ni majitu, tunawafuata kwa akili gani?"

Wenzake wakacheka. Kicheko kikatoka uani, kikaingia sokoni, na kufika adhuhuri kilikuwa kimeshabisha hodi kwa Sultani. Bi Mize akakamatwa na udongo wake mikononi, akafikishwa barazani.

"Wewe ndiye unayewavunja watu moyo?" Sultani akauliza.

"Mimi ni fundi wa kukandika, Bwana. Kuvunja si kazi yangu."

"Mji mzima unavitaka vita hivi."

"Basi Kombo akapumzike. Sijaona bado mpiga mbiu wa kuwatangazia watu kwamba wana njaa."

Wazee wa baraza wakatazama vidole vya miguu yao.

"Wapazani wanakula watu," Sultani akasema.

"Dada yako ameolewa huko, huu mwaka wa tisa. Alipokuja Idi iliyopita, mlango wako huo ulimbana. Kama kuna anayeliwa Pazani, Bwana, si yeye."

Mzee mmoja alikohoa ili afiche kicheko, akashindwa. Sultani akaona kwamba akimchapa mwanamke huyu, mji utacheka mpaka mwaka uishe. Akabadili njia.

"Kumbe unajua kusema. Kesho basi utanisemea mimi. Utasimama uwanjani uwafanye watu wanyoshe mikono. Wasiponyosha, wewe unahama mji huu, na siku vita vikija, wanao nawaweka safu ya kwanza."

"Niseme uongo kama Kombo?"

"Sema kweli, ukiweza." Sultani akatabasamu. "Ila maneno yasizidi matatu. Nikikupa manne utaniharibia."

"Matatu yananitosha."

Alisema hivyo kwa kiburi, akarudi nyumbani. Wanawe walipomuuliza atasema nini, aliwaambia wamletee maji anawe.

Ijumaa uwanja ulijaa. Askari walisimama pembeni na bakora, kuwasaidia wale ambao hiari yao ingechelewa. Sultani alikaa kitini, kiunoni ana upanga ambao haujachomolewa tangu ununuliwe. Kombo akapuliza baragumu. Bi Mize akapanda jukwaani, akawatafuta wanawe kwa macho mpaka akawaona. Kisha akasema:

"Sultani atatangulia mbele."

Halafu muuza samaki mmoja akanyosha mkono. Wa pili akanyosha, wa kumi, wa mia. Waliokuwa na mikono miwili wakanyosha yote miwili. Askari wakaweka bakora chini ili nao wanyoshe. Wazee wa baraza, ambao tangu Jumatatu walikuwa wakilalamika kwamba mabega hayanyanyuki, walipona wote kwa pamoja. Umati ukagawanyika katikati, ikabaki njia pana, safi, kutoka kwenye kiti cha Sultani hadi barabara ya Pazani.

Sultani akamwinamia Bi Mize. "Nani alikwambia nitatangulia?"

"Kombo. Ametangaza wiki nzima kwamba hakuna anayewachukia Wapazani kukuzidi wewe. Au alidanganya? Nimwite tumuulize hapa hapa?"

"Usimwite. Mimi nina goti bovu."

"Pole, Bwana. Lakini hawa ni watu wanaokimbia mbuzi. Hata ukichechemea utawapata."

Uwanja ukaanza kuliimba jina lake. Miaka yote ya utawala wake hajawahi kupendwa kiasi hicho. Jasho likamtoka mpaka kilemba kikalowa.

"Bi Mize, mama yangu," akanong'ona, "waambie washushe mikono. Waambie Wapazani ni ndugu zetu."

"Pita mbele uwaambie mwenyewe, Bwana. Nafasi wameshakuachia."