Aliyeijua Njia

Mtu mmoja alikuwa na baiskeli, na dumu la maziwa, na njia aliyoijua. Jina lake Luhende. Kila alfajiri, giza bado limetanda, alifunga dumu kwenye keria akanyonga kwenda mjini, maana maziwa hayangoji jua. Miaka kumi na tisa, njia ile ile. Alijua kila shimo na kila ua wenye mbwa mkorofi. Kwenye korongo palikuwa na daraja la mbao lililooza. Ubao mzima ulibaki mmoja tu, na Luhende aliupata hata akiwa anasinzia.

Hapo mwanzo alikuwa na kurunzi ya betri. Siku nne ilimulika vizuri, siku ya tano ikawa kama jicho la mgonjwa. Akanunua betri nyingine, na nyingine tena. Zilizokufa alizitupa nyuma ya nyumba, zikavuja kwenye mchicha wa mkewe, mchicha ukanyauka. Mke akasema, na maneno ya mke aliyeharibiwa mboga mnayajua. Luhende akaamua kwamba mwanga ni anasa, akawa anakwenda gizani.

Fundi baiskeli wa pale kijijini, Mabula, akamfungia dinamo iliyokwisha kutumika, ya bei ya mtu wa kawaida. Haikuhitaji betri wala mafuta. Ilisugua tairi, na gurudumu likizunguka taa inawaka. Luhende akaijaribu mpaka kilimani, akaona baiskeli imekuwa nzito kidogo. Kidogo tu, ndugu zangu, lakini sisi binadamu tunavyoupenda wepesi, acheni tu. Akairudisha. Akamwambia Mabula kwamba hana haja ya kujichosha kwa ajili ya taa, kwa kuwa njia anaijua.

Alfajiri moja, mwezi umekwisha kuzama, aliingia darajani akashika ubao wake. Upande wa pili alikuja Shija, mtu wa kijiji cha ng'ambo, amempakia mama yake mzee mwenye mtoto wa jicho, akimuwahisha kwa daktari wa macho aliyetangazwa kufika zahanati ya huku. Shija naye hakuwa na taa. Shija naye alikuwa anaijua njia. Wangekuwa wageni wangeshuka wakakokota, lakini wale walikuwa wajuzi, na kila mjuzi aliujua ubao mzima. Wakagongana katikati.

Kishindo. Shija, amebanwa na baiskeli yake, alimwita mama. Mama hakuitika. Luhende akatambaa akipapasa mbao kwa viganja, kwa kuwa hakuwa na cha kumulikia. Akashika mguu. Akapapasa hadi kichwani. Kilemba kilikuwa kimelowa chapachapa, na majimaji yalichuruzika usoni kwa yule mama. Nimeua, alijisemea, nimeua mama wa watu kwa uvivu wa miguu yangu. Akapeleka vidole puani kunusa, maana alitaka kujua, na hakutaka kujua.

Yalikuwa maziwa. Dumu lilikuwa limepasuka, na chini ya kiganja chake mama akakohoa.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Siku ile Luhende hakutaka kuzoa hata tone. Aliketi pale pale kwenye ubao akalia kwa furaha, akamshukuru Mungu kwa hasara ya dumu zima. Yule mama akapata pumzi iliyokuwa imempaa, akajifuta midomo, akauliza ni nani aliyemgonga. Luhende akajitaja, akaomba radhi, tena kwa aibu akaongeza kwamba njia ile anaijua sana.

"Njia unaijua, mwanangu," akasema mama. "Na mimi, ulijua nipo?"

Luhende akainuka akamnasua Shija. Wote wawili wakamwinua mama. Hakuvunjika hata kidole. Wakakokota baiskeli polepole kuelekea zahanati, mama katikati yao. Kulipopambazuka wakamwona mweupe kwa maziwa kuanzia kilemba hadi kifuani, naye anacheka, na Luhende akacheka naye.

Siku ile ile alirudi kwa Mabula akachukua ile dinamo, pamoja na kioo chekundu cha kufunga nyuma ili anayemfuata naye amwone. Leo kilimani anahema kuliko zamani, na kila akihema anashukuru. Mchicha wa mkewe umeota upya. Shija naye amefunga taa yake, na wakikutana pale korongoni, mmoja humwona mwenzake tangu mbali, akashuka, akampisha.

Nawe unayesema njia unaijua: yule anayekuja gizani kwenye ubao huo huo, atajuaje kuwa upo?